Neno Nililomwandikia Mjomba Wako

Shinyanga, Jumapili usiku

Mwanangu Idi,

Shangazi yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, kwinini na maji ya kuchemsha, tena kwa kurudiarudia, kwa hiyo hayo mimi nayapita. Nakuandikia kwa sababu ya lile ulilonitupia jioni tulipokuwa tukifunga sanduku. Nilikuambia nitakufikisha stesheni, kisha Isaka utashuka peke yako, Kagongwa utapita peke yako, na Segese kwa mjomba wako Luhende utaingia peke yako. Ukaniuliza kwa nini. Nikasema miguu inaniuma. Ukanitazama, halafu ukasema, "Baba, sema tu unaona haya kuonekana na washamba."

Sikukujibu. Shangazi yako alikugombeza, ukaomba radhi, na mambo yakaisha kama yanavyoisha mambo ya nyumbani, yaani hayakuisha. Najua desturi. Mtoto anayekwenda kukaa kwa mjomba wake hupelekwa na baba yake, hukabidhiwa mkono kwa mkono, na baba hulala pale siku mbili akachinjiwa kuku. Baba asipofika, watu husema mtoto huyo ametupwa. Wewe hukutupwa, Idi. Ila mimi mlango ule siwezi kuuingia, na sababu si miguu wala si haya ya washamba. Washamba hao ni wakwe zangu. Walinipa mke wakati mimi, mtoto wa mpagazi, sikuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuonyesha kwa kidole.

Sababu ni neno moja la Kiingereza. Usicheke, nisome mpaka mwisho.

Unakwenda kuwa karani mgodini. Utakaa kwenye meza kama ile niliyoikalia mimi, mbele yako daftari kama lile lililokuwa mbele yangu, maana migodi hufa na kuzaliwa lakini daftari ni lile lile. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amekuja na nani hakuja. Kila mtu alikuwa na kipande chake, kadi yenye nyumba thelathini, yaani visanduku vya siku, na kila siku aliyofanya kazi nyumba moja ilitiwa alama. Aliyeondoka kabla kadi haijajaa alikuwa na kesi, kama bwana akitaka kesi. Yashike maneno hayo, kama bwana akitaka. Bwana wetu, ambaye watu walimwita Bwana Filimbi kwa ajili ya filimbi aliyoivaa shingoni, kwa kawaida hakutaka. Mtu akiondoka, mimi niliandika kwa Kiingereza kwamba amekwenda kwao. Ni maneno mawili mepesi, hata wewe uliyajua ukiwa darasa la kwanza. Bwana Filimbi hupitisha macho, hukoroma, hupiga mstari, na mtu huyo akirudi baada ya mwezi hupewa kadi mpya.

Lakini baba yako alikuwa mtu wa maneno. Wenzangu walipopata mshahara walinunua tarbushi na mafuta ya nywele. Mimi nilinunua kamusi kuukuu dukani kwa Mhindi, haina jalada, pembe zake zimetafunwa na mende. Kila jioni nilijifunza neno moja. Mengi yalikuwa ya bure, maneno ya vyombo vya majini na ya theluji, na huku kwetu hata mvua ya kawaida tunaiomba. Lakini niliyameza yote, kwa sababu niliona kwamba Mzungu humsikiliza Mswahili kwa kadiri ya urefu wa maneno yake.

Neno lenyewe nililikuta karibu na mwanzo wa kitabu. Abscond. Nililipenda kabla sijajua maana yake, kwa jinsi linavyoanza taratibu na kufungwa ghafula kama mlango. Kamusi ilieleza kwamba ni kuondoka kwa haraka na kwa siri, kwa kujificha, ili sheria isikupate. Husemwa juu ya mtunza hazina aliyekimbia na fedha, juu ya mfungwa aliyeachiwa kwa dhamana, juu ya mtu anayetafutwa. Sisi tuna kutoroka, lakini kutoroka kwetu ni kupana, mbuzi hutoroka, mke hutoroka, mwanafunzi hutoroka akaenda kuvua kambare. Neno hili la Kiingereza ni jembamba. Lazima ndani yake kuwe na maficho, na lazima nyuma yake kuwe na sheria inayofukuza. Pasipo na kujificha, halina kazi, huna ruhusa ya kulitumia. Hayo yote niliyajua, na nakuomba uyakumbuke unapoendelea kusoma, kwa maana ningekuwa sikuyajua ningepata usingizi miaka hii yote.

Nikatembea nalo wiki tatu, kama mtoto mwenye viatu vipya anayetafuta njia ya kupita.

Ule ulikuwa mwaka wa nzige. Mahindi yaliliwa mpaka mabua, na mjomba wako Luhende akaja mgodini kutafuta fedha ya kodi. Mimi ndiye niliyemwita, mimi ndiye niliyemwandikisha. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mkono wake mzito kwa jembe, na kule shimoni watu walimpenda kwa sababu alijua nyimbo za kulimia akaziimba hata katika kuchimba. Jioni alikuja kwenye kibanda changu kula. Aliniita shemeji kwa heshima, wala hakukaa kabla sijakaa, ingawa nilikuwa nimemzidi miaka michache tu.

Siku moja adhuhuri akaja mezani kwangu, jasho na vumbi jeupe mwilini, kadi yake mkononi. Nyuma yake alisimama mtu aliyetembea siku mbili kutoka kwao.

"Shemeji," akasema, "mzee ametutoka."

Huyo mzee ni babu yako, mzaa mama yako. Mama yako na wewe mlikuwa kwake tangu alipozidiwa. Nikainuka, nikampa pole, naye akanipa pole, kwa kuwa msiba ulikuwa wetu sote.

"Naenda kumzika. Unajua kwetu, bila mimi hawachimbi."

Nilijua. Katika ukoo wao mwenye mji huzikwa ndani ya zizi lake, amefungwa katika ngozi ya ng'ombe, na jembe la kwanza la kaburi hupigwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Baada ya siku za msiba wote hunyolewa, na yule mtoto wa kwanza akishanyolewa hupewa upinde wa baba yake mbele ya watu. Upinde ule ndio mji. Siku ya kunyoa haulali bila mwenyewe.

"Nenda," nikamwambia. "Bwana nitamwambia mimi."

"Basi nimekuaga wewe, shemeji. Huku sina mwingine wa kumuaga."

Akaondoka mchana kweupe. Alipita barabara kuu, mbele ya hema la Bwana Filimbi, na waliokuwa kwenye mashine ya kusagia mawe wakamwita kwa sauti wakimpa pole, naye akawaitikia. Nami, mkwe wa marehemu, ambaye ilinipasa kuongozana naye, nilibaki mezani. Nilijiambia kazi ni nyingi. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa kosa, na kosa likishapata mwanzo halikosi mwendo.

Asubuhi yake mgodi ulikuwa na mgeni, Mzungu mwenye koti, mmoja wa wakubwa waliokuja kutazama kama shimo linafaa kutiwa mali zaidi. Bwana Filimbi alikuwa na homa ya mgeni. Akahesabu watu shimoni, akaona pengo, akaja kwangu.

"Yule mrefu anayeimba yuko wapi?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu usiku kucha, kwamba amefiwa, kwamba aliniaga, kwamba atarudi. Lakini niliona ataniuliza ni nani aliyenipa mamlaka ya kumruhusu mtu, mbele ya mgeni.

"Ameondoka, bwana."

"Aliaga mtu?"

"Hapana, bwana."

Hapo, Idi, ningeweza bado kupona. Ningeinama nikaandika yale maneno mawili mepesi, na mambo yangeishia kwenye mstari kama siku zote. Hofu ilikuwa imekwisha kupita. Lakini mgeni alikuwa amesogea, anachungulia daftari juu ya bega langu, nikasikia harufu ya tumbaku yake, na kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika lile neno. Nililiandika kwa mwandiko wa kulala ambao mwalimu wangu alikuwa akiusifu, na nikaliwekea wakati uliopita kama inavyotakiwa.

Mgeni akalisoma kwa sauti. Akacheka, akanipiga begani, akamwambia mwenzake kwamba karani huyu anaandika kama wakili. Kisha uso ukambadilika. Akasema kama mambo ya namna hiyo yanatokea hapa, basi lazima boma lipate habari, na mtu huyo akamatwe ili wengine waone. Bwana Filimbi, ambaye jana yake angepiga mstari tu, akaniamuru niandike barua. Niliiandika, na neno nikalirudia humo.

Nataka ujue na hili, kwa sababu nikilificha nitakuwa nimekuandikia nusu. Nilifurahi. Kwa sababu ya lile bega lililopigwa, nilifurahi mpaka jioni.

Yaliyobaki wewe uliyaona kwa macho yako. Ulikuwa mdogo, lakini shangazi yako aliniambia kwamba mpaka leo unakumbuka askari wawili waliofika siku ya kunyoa. Mjomba wako alikuwa ameketi kwenye gogo ndani ya zizi, watu wamemzunguka, na mzee mmoja alikuwa amekwisha kumnyoa upande wa kulia. Aliwaomba wamngoje amalizwe. Hawakungoja. Walimfunga kamba wakampitisha sokoni Kagongwa na nusu ya kichwa ina nywele na nusu haina, watoto wakimfuata wakidhani ni mwendawazimu. Bwana Shauri, Mzungu wa boma aliyeamua kesi, akamsomea lile neno kutoka kwenye barua yangu, akampa miezi mitatu ya kuponda mawe barabarani. Upinde, kwa kuwa hauwezi kulala bila mwenyewe, walimpa mdogo wake, Shija. Luhende alipotoka kifungoni alimkuta mdogo wake ndiye mwenye mji. Hakugombana na mtu. Alichukua mke wake na jembe lake akaenda Segese, akaomba pori akafyeka. Uliwahi kuniuliza kwa nini mtoto wa kwanza wa babu yako anaishi mbali na kaburi la baba yake, nikakujibu kwamba Segese kuna ardhi nzuri.

Mama yako alinirudia mgodini baada ya matanga. Hakuvua kaniki yake ya msiba, alikaa mlangoni akaniuliza, "Baba Idi, nani alipeleka habari boma?"

Nikamwambia, "Ni sheria za Wazungu hizo, Mama Idi."

Akasema, "Aa." Akainuka akaenda kuwasha moto. Hakuuliza tena mpaka anakufa. Sikupata kujua kama hakuuliza kwa sababu alisadiki, au kwa sababu alijua na akaona akinilazimisha kusema hataweza tena kunipikia. Nilikuwa na miaka ya kumwambia. Alipougua nilikuwa na miezi, na mwishoni nilikuwa na siku tatu nzima nimemshika mkono, na hata siku zile nilimsomea barua za watu wa sokoni ili acheke. Hilo linaniuma kuliko yote, mwanangu, na sijui dawa yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakuwa na daftari. Wangekuwa nalo wangeongeza kalamu, kwa maana neno la ulimi angalau husahaulika.

Wala sikuishia hapo. Bwana Filimbi alilipenda lile neno. Kila mtu alipokosa kufika kazini, aliniita, "Andika lile." Nikaliandika juu ya watu ambao sikujua walikwenda wapi wala walimuaga nani, Wazinza, Wasumbwa, kijana mmoja wa Ushirombo aliyevaa rozari. Labda wengine walitoroka kweli. Sikuuliza. Nilikaa mwaka mmoja zaidi, kisha nikasema kifua kinanibana kwa vumbi, nikaja hapa Shinyanga kuwaandikia watu barua sokoni. Unanicheka kwamba naandika barua za watu polepole mno, namuuliza mteja mara tatu kama ndivyo alivyotaka kusema. Sasa umejua kwa nini.

Nami nilikudanganya juu ya kamusi. Uliiomba, nikasema imeliwa na mchwa. Nimeitia sandukuni mwako chini ya shuka. Jifunze maneno yote unayoweza, sikukatazi, mimi si mtu wa kumkataza mwingine asali niliyoilamba. Nakuomba tu, kabla hujaliweka neno juu ya mtu, umtazame kwanza yule mtu, halafu ndipo utazame neno.

Mwezi uliopita barua yako ya kazi ilipokuja, na tukakubaliana utakaa kwa mjomba wako mpaka mgodi ukupe nyumba, nilikuambia nakwenda Tabora kutazamwa macho. Nilikwenda Segese. Niliona siwezi kumpelekea Luhende mwanangu bila kumpelekea kwanza kweli hii.

Nilimkuta uani anasokota kamba ya kufungia ndama. Nywele zimeanza mvi. Akaniitikia vizuri, "Mwangaluka, shemeji," akaniletea kigoda, mke wake akaleta maji. Nikamwambia nimekuja kusema neno. Akasema, "Sema." Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, hata habari ya bega. Hakuacha kusokota.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Nilikuaga wewe peke yako, shemeji. Nani mwingine angesema sikuaga?"

"Hilo neno lenyewe, litamke nilisikie. Bwana Shauri alilisoma haraka."

Nikalitamka. Akajaribu, likamshinda, akatema mate pembeni.

"Maana yake?"

"Kuondoka kwa siri. Kujificha ili usikamatwe."

"Mimi nilijificha wapi?"

"Hukujificha."

"Askari walinikuta wapi?"

"Zizini kwa baba yako, katikati ya watu."

"Na Wazungu, kwa maneno yao mengi yote, hawana neno la mtu aliyekwenda kumzika baba yake?"

"Wanayo. Mawili, mepesi. Amekwenda kwao. Siku zote niliandika hayo."

"Siku ile kwa nini hukuyaandika?"

Nikamwambia kweli. "Kwa sababu yalikuwa mepesi."

Hapo ndipo mikono yake ilipoacha kusokota. Alinitazama muda mrefu, na sikuona hasira, nilimwona mtu aliyekuwa amengoja miaka asikie sababu kubwa, ya hofu au ya chuki, sababu inayolingana na mji wake uliopotea. Kumbe ilikuwa ndogo hivyo. Nilitamani anipige.

"Mtoto aje," akasema. "Ni mwipwa wangu, damu ya dada yangu. Atakula ninachokula, na akiugua nitamuuguza. Wewe usimlete. Mlangoni pangu usifike tena, shemeji."

Nikainuka. Nikamuaga kwa adabu zote, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma chake. Alikuwa ameinamia kamba yake. Nilisimama pale, nikaaga mara ya pili, mkewe akageuza uso. Nikaenda zangu bila kuitikiwa.

Ndiyo maana kesho naishia stesheni. Una haki ya kuchana karatasi hii, na ukinikasirikia hasira hiyo ni yako, sikupangii mwisho wake. Siku utakayotaka kuniandikia, niandikie, hata kama ni ya matusi nitaisoma yote.

Majirani wa Segese watakuuliza mbona umekuja peke yako, baba yako yuko wapi. Mjomba wako atakuwa amekaa pale anasikiliza. Usiseme miguu inaniuma, usiseme nina kazi nyingi mjini, usinitafutie neno zuri. Sema, "Baba amebaki kwake," unyamaze, mjomba wako atajua kwamba nimekuambia.

Mimi baba yako,
Juma bin Feruzi